Kobe wa Perth na Mipaka ya Hifadhi

Serikali nyingi hudhani kuwa kuhifadhi ni kuchora mpaka. Naitilia shaka dhana hiyo kila ninapoisoma historia ya kobe wa vinamasi wa Perth, Australia Magharibi. Kwa muda mrefu alidhaniwa ametoweka, hadi mwaka 1953 mtoto wa shule alipomleta mmoja kwenye maonyesho ya wanyama. Wakati huo vinamasi vyake vingi vilikwisha kukaushwa kwa ajili ya kilimo, vingine vikichimbwa udongo wa matofali. Mwaka 1962 yakatengwa maeneo mawili madogo, Ellen Brook na Twin Swamps.

Mvua, hata hivyo, haikuwemo katika tangazo la serikali. Tangu miaka ya 1970 imekuwa ikipungua, na kobe huyu hula majini tu, katika miezi michache ambayo kinamasi kina maji. Ndipo mwaka 2016 kobe wachanga waliozalishwa kifungoni wakapelekwa mbali kusini, nje ya makazi yao ya asili. Wapo walioita hatua hiyo kuingilia maumbile. Sijui waliokausha vinamasi tuwaiteje. Kobe huyu huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kutaga, muda unaopita vipindi viwili vya bunge la jimbo.