Kigeuzamoshi: kifaa ambacho gereji hukiita masega

Taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye Toyota IST au Spacio ya zamani, mwenye gari wa Tandika au Tegeta jijini Dar es Salaam huenda kwa fundi wa umeme, naye fundi huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Mara nyingi kioo cha mashine huandika P0420. Hapo majina huanza kugongana. Fundi mmoja atasema, "Bosi, masega yameziba, tuyatoe." Wa pili atasema, "Kaka, chujio la moshi limechafuka, tulioshe." Aliyesoma vitabu vya ufundi atataja katalisti, na mwalimu wa kemia atasema kichocheo. Majina manne, kifaa kimoja. Jambo hili lingekuwa la wanaisimu tu kama kila jina lisingekuja na matengenezo yake na bili yake.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ni kopo la chuma lililoungwa kwenye bomba la moshi, si mbali na injini. Ndani mna kipande cha kauri chenye vijia vyembamba vingi vilivyonyooka, na kuta za vijia hivyo zimepakwa utando wenye madini ya platini, paladi na rodi. Kikishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, kazi huanza. Monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu aliyelala ndani ya banda lililofungwa huku injini inaunguruma, huongezewa oksijeni ikawa dioksidi ya kaboni. Mvuke wa petroli ambao haukuungua huwa dioksidi ya kaboni na maji. Oksidi za naitrojeni hunyang'anywa oksijeni yake, ikabaki naitrojeni ileile iliyojaa katika hewa tunayovuta. Kilichoingia sicho kinachotoka, na humo ndani hakuna kinachobaki.

Hilo la mwisho ndilo linaloangusha jina la chujio. Ukichuja tui, machicha hubaki kwenye chujio. Ndiyo sababu chujio huoshwa. Kifaa hiki hakina machicha. Kikiziba, kuna kitu ambacho hakikupaswa kufika humo: mafuta ya injini yanayopenya kwenye ringi za pistoni zilizochoka, au petroli mbichi iliyotoka kwenye silinda yenye plagi au koili mbovu, ikaenda kuungulia ndani ya kauri mpaka kauri ikayeyuka. Kuosha hakurudishi kauri iliyoyeyuka, wala hakuzibi ringi. Mteja hulipa, taa huzimwa kwa mashine, na baada ya muda huwaka tena.

Masega ni jina la mtu mwenye jicho kali. Ukikata kopo ukatazama ndani, utaona vijitundu vilivyopangana kama kazi ya nyuki, ingawa vingi ni vya pembe nne. Shida ni kwamba jina linaeleza umbo na kunyamaza kuhusu kazi, na sega ni kitu cha kurinwa. Madini yaliyo humo ni ghali. Mwaka 2021 bei ya rodi ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja, na biashara ya kununua masega ya magari ikapata sababu ya kunoga. Kwa hiyo mwenye gari anayekubali "tuyatoe" anaweza kumlipa fundi ujira na papo hapo kumwachia kitu chenye thamani kuliko ujira wenyewe. Na taa haizimiki, kwa kuwa sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya kopo sasa inapitiwa na moshi usioguswa. Hapo ndipo fundi huongeza kipande cha chuma kuisogeza sensa isikutane na moshi vizuri. Gari linapona kwenye dashibodi, na moshi unabaki kwa wanaosubiri daladala Mbagala Rangi Tatu.

Desturi ya kutoa ina historia. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alikibuni kifaa hiki katika miaka ya 1950, lakini hakikuweza kuenea kwa sababu petroli ya wakati ule ilitiwa risasi, na risasi hufunika utando ule na kuulemaza. Marekani ilianza kukitumia kwa wingi katika magari ya mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar, Juni 2001, kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imekwisha kwenye soko lao. Kabla ya hapo, kifaa kilichokuja na gari kutoka Japani kililemazwa na petroli yenyewe. Kukitoa hakukuwa hasara kubwa. Leo sababu hiyo haipo tena, ila mkono wa gereji bado una mazoea.

Vipi kuhusu kichocheo? Katika kemia neno hili limefaulu. Linatokana na kuchochea, na kichocheo cha kemia huharakisha mabadiliko bila chenyewe kutumika kikaisha, kama vile mchochezi anavyowaacha wenzake wakipigana yeye akiwa salama. Lakini kwenye gari kichocheo ni ule utando wa madini, si kopo zima. Tena, mwambie dereva kwamba gari lake lina kichocheo, atadhani ni kitu cha kuongeza kasi. Katalisti nalo lina faida ya kufanana na la vitabu vya nje, ila halimwambii kitu asiyelijua tayari.

H.J.M. Mwansoko, mmoja wa wanaisimu walioandika kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili, alizichambua njia ambazo lugha hii hujipatia maneno mapya. Mojawapo imetupa vifaa vingi vya kila siku: chukua kitenzi, ongeza kinachotendwa, tanguliza ki-. Kinachopaza sauti ni kipazasauti. Kinachopima joto ni kipimajoto. Kinachonasa sauti ni kinasasauti. Kinachogeuza moshi, basi, ni kigeuzamoshi. Atakayelalamika kuwa gesi nyingi za gari hazionekani, akumbuke kwamba kwa Kiswahili kinachotoka kwenye bomba la gari ni moshi hata usipoonekana.

Sasa isome P0420 kwa jina hilo: kigeuzamoshi hakigeuzi inavyotakiwa. Kompyuta imejuaje? Kuna sensa ya oksijeni mbele ya kopo na nyingine nyuma yake. Ya mbele hupanda na kushuka mara kwa mara. Ya nyuma inatakiwa itulie, kwa kuwa oksijeni imeshughulikiwa njiani. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, taa inawaka. Huo ndio ushahidi wote ilio nao kompyuta. Haijasema kimeziba, wala haijasema kitolewe.

Swali linalofuata ni kwa nini hakigeuzi, na majibu ya bei nafuu yaulizwe kwanza. Je, eksozi imetoboka au gasketi inavuja, ikaingiza hewa ya nje? Je, sensa yenyewe imechoka? Je, mashine imeonyesha pia P0300, yaani silinda zinakosa kuwasha? Ikiwa hivyo, plagi na koili hutangulia. Je, mafuta ya injini hupungua kati ya sevisi na sevisi? Basi hata kifaa kipya kitaharibiwa na injini ileile. Kuziba kuna dalili zake: gari halivuti mlimani na linazidi kupoteza nguvu kadiri unavyokanyaga. Mlio wa vipande vinavyogongana ndani ya kopo unamaanisha kauri imevunjika.

Taa ikiwaka bila kupepesa, una muda wa kufika kwa fundi kwa utulivu. Ikipepesa, petroli mbichi inamwagikia kauri yenye moto wakati huohuo; punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Magari ya zamani ya soko la Japani yana onyo jingine ambalo madereva wengi wa Kinondoni na Temeke hawawezi kulisoma: taa yenye maandishi ya Kijapani yanayomaanisha joto la moshi. Hiyo huonya kwamba kigeuzamoshi kinaungua kupita kiasi. Na kikithibitika kimekufa, kinabadilishwa, na cha zamani unaondoka nacho; ni mali yako.

Istilahi nzuri hupimwa pia kwa jirani zake. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni, kama Mazda CX-5, yana kopo jingine linalofanana na hili kwa nje lakini ambalo kweli hukamata masizi na kuyashika mpaka yachomwe. Hilo ndilo chujio halisi, na kwa utaratibu uleule litaitwa kichujamoshi. Kichujamoshi hujaa kwa kufanya kazi yake, na kusafishwa ni sehemu ya maisha yake. Kigeuzamoshi hakijai; kikishindwa, mtuhumiwa wa kwanza ni injini iliyo mbele yake. Fundi mwenye maneno yote mawili hawezi kumwoshea mteja kile kisichooshwa, na mteja mwenye maneno hayo anajua swali la kuuliza kabla ya spana kushikwa.