Nadharia ya Mtaji na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano wa Tanzania, 1964–1969

Azimio la Arusha la mwaka 1967 limezoeleka kusomwa kama tamko la kiitikadi lililoyapa kisogo mafundisho ya uchumi. Usomaji huo una ukweli, lakini unaficha jambo moja: kabla ya Azimio, serikali ilikuwa ikitekeleza mpango uliosimama juu ya dhana mahususi ya ukuaji, na dhana hiyo ilikwisha kupimwa na matukio. Insha hii inajadili uhusiano huo.

Katika miaka ya 1950 na 1960, wapangaji wengi wa nchi changa waliongozwa na kazi za Roy Harrod (1939) na Evsey Domar (1946). Kwa muhtasari, kasi ya ukuaji hupatikana kwa kugawa kiwango cha uwekezaji kwa uwiano wa mtaji na uzalishaji. Nchi inayowekeza asilimia 12 ya pato lake, na inayohitaji mtaji wa shilingi 3 ili kupata ongezeko la shilingi 1, hutarajiwa kukua kwa asilimia 4. Akiba ya ndani isipotosha, pengo huzibwa kwa fedha za nje. Domar mwenyewe alieleza mwaka 1957 kwamba hakukusudia kanuni yake iwe kipimo cha ukuaji wa muda mrefu. Hata hivyo, iliendelea kutumika hivyo.

Mpango wa Kwanza, ulioanza Julai 1964, ulifuata mantiki inayokaribiana na hiyo. Ulilenga ukuaji wa asilimia 6.7 kwa mwaka, na kufikia mwaka 1980 pato la kila mtu lipande kutoka chini ya pauni 20 hadi pauni 45. Zaidi ya robo tatu ya matumizi ya maendeleo ya serikali kuu yalitarajiwa kutoka nje.

Tegemeo hilo lilitikisika mapema. Mwaka 1965, mgogoro juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki uliifanya Ujerumani Magharibi iondoe sehemu ya msaada wake wa kijeshi, naye Nyerere akaitaka iondoe misaada mingine ya serikali. Desemba mwaka huohuo, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Bei ya mkonge nayo ilishuka. Katika kanuni ya ukuaji, fedha za nje ni tarakimu tu. Katika historia, zilikuwa na masharti ya kidiplomasia.

Hata hivyo, ukosefu wa fedha si maelezo ya kutosha, kwa kuwa mtaji uliopatikana haukuzaa matunda yaliyotarajiwa. Miradi ya makazi mapya ya vijiji ilipewa matrekta, nyumba na wataalamu. Mwaka 1966 serikali ilisitisha uanzishaji wa makazi mapya ya aina hiyo, kwa kuwa gharama zilizidi mavuno na walowezi walilemewa na madeni. Kwa upande mwingine, uzalishaji wa pamba Usukumani ulikua haraka katika nusu ya kwanza ya muongo huo, hasa kwa wakulima kupanua mashamba yao na kuuza kupitia vyama vya ushirika. Uwiano wa mtaji na uzalishaji, kwa hiyo, haukuwa kitu thabiti. Ulitegemea nani analima na kwa mpangilio gani.

Azimio lilipotamka kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kutaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, lilikuwa likijibu hoja hiyo ya kiuchumi. Udhaifu wake ulikuwa kwamba halikuweka kipimo mbadala cha kuchagua miradi. Pengo hilo lilikuwa na matokeo: katika miaka ya 1970 misaada iliongezeka na viwanda vilivyohitaji mtaji mkubwa vikajengwa, ilhali maamuzi ya mkulima, aliyekuwa kiini cha hoja ya mwaka 1967, yalizidi kubanwa na amri za vijiji na bei zilizopangwa na serikali.

Hivyo basi, nadharia ya mtaji ilikataliwa kwa maneno na ikabaki katika matumizi. Mwanahistoria anayetathmini sera ya Tanzania hana budi kutenganisha mambo hayo mawili, la sivyo ataulaumu ujamaa kwa makosa ya kanuni ya mtaji, au kanuni hiyo kwa makosa ya ujamaa.