Taharuki Katika Mji Mdogo

Neno taharuki tumelirithi kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kusogea na kutikisika. Wahakiki wetu wamelipa kazi ya kutaja hali ya msomaji asiyetulia mpaka aujue mwisho wa kisa. Ndivyo nilivyolifundisha darasani kwa miaka mingi. Ndiyo maana riwaya za Kikristo za mapenzi na taharuki, zilizostawi Marekani, hunipa swali: anayeamini kwamba mwisho umo mikononi mwa Mungu, hutaharuki kwa lipi?

Mwaka 1979 Janette Oke wa Kanada alichapisha Love Comes Softly, riwaya ya mapenzi ya walowezi isiyo na upelelezi, nayo ikauzwa sana. Hofu iliingia baadaye. Katika Cape Refuge ya Terri Blackstock, iliyotoka mwaka 2002, mume na mke wanaoongoza kanisa katika mji wa kisiwani, jimbo la Georgia, wanauawa. Anayeshukiwa ni mkwe wao, na mkuu wa polisi ni rafiki yake. Mwaka 2005 kampuni ya Harlequin ikaanzisha mfululizo wa Love Inspired Suspense.

Jibu naliona katika udogo wa mji. Pale kila mtu ana jina, na muuaji huenda ameketi nawe benchi moja ibadani. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Msomaji hana shaka na Mungu. Kinachotikisika ni imani yake kwa jirani aliyeamriwa kumpenda.