Kubanika samaki

Kubanika samaki ni kumkausha na kumwivisha samaki taratibu kwa joto na moshi wa kuni. Njia hii hutumika pwani ya Afrika ya Mashariki, ikiwemo pwani ya Mtwara, kuanzia Shangani hadi mlango wa mto Ruvuma.

Utaratibu

Samaki hutolewa matumbo, hupasuliwa na kuoshwa. Wakubwa hulowekwa katika maji ya chumvi. Wakishachuja maji hupangwa juu ya chanja ya fito au wavu wa waya. Moto huwa mdogo: ukiwaka kwa nguvu, nje huungua na ndani hubaki maji. Kwa shughuli ya familia yenye wageni wengi, samaki wakubwa huweza kubanikwa usiku kucha, kisha hupikwa kwa tui la nazi. Huko Marekani bega la nguruwe huivishwa vivyo hivyo, kwa moshi wa saa nyingi, hadi nyama ilainike.

Usalama

Chumvi, ukavu na kemikali za moshi huzuia bakteria. Hata hivyo samaki aliyekauka nusu huota ukungu upesi katika hewa yenye unyevu ya pwani. Asifungwe katika mfuko akiwa bado na joto. Moshi ndani ya jiko lisilo na madirisha hudhuru mapafu ya mpishi.

Mazingira

Mikoko hutoa kuni nzuri, lakini kuikata bila kibali ni kosa. Samaki na kamba wengi hukulia humo. Eneo la mlango wa Ruvuma limo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Makumbi na vifuu vya nazi hupunguza haja ya kukata miti.