Bodi Kongwe Kuliko Gari

Kabla ya kuwasha mashine, mimi hugonga. Nachukua nyundo ya nusu kilo, napanda juu ya lori na kugonga sakafu ya bodi shubiri kwa shubiri, kuanzia nyuma ya kabini mpaka mlango wa nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu kinanung'unika tu, kama gogo lililolowa. Pale panaponung'unika natia alama ya chaki. Lori lililoletwa uani kwangu Ngaramtoni mwezi wa Julai, wiki ambayo Mlima Meru haukuonekana hata siku moja kwa wingu, nililitia alama mpaka chaki ikaisha.

Mwenye gari ni kijana wa hapa hapa. Anabeba mchanga, anabeba mahindi, na siku za gulio anabeba ng'ombe.

"Shikamoo, fundi. Naomba viraka viwili vitatu tu, Jumamosi nina mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu shuka tuangalie chini kwanza."

Tulitandika gunia tukalala chali chini ya gari. Gari ni Isuzu ya miaka ya 1990, lakini bodi si yake. Kwenye mbavu zinazobeba sakafu kuna safu mbili za matundu ya bolti, na safu ya ndani haina kazi tena: ni matundu ya chasisi nyembamba zaidi, chasisi ya Bedford. Gari la kwanza lilikufa, bodi ikavuliwa ikavishwa gari jingine. Jambo hili ni la kawaida Arusha. Na katikati ya sakafu, upande wa chini, nilikuta kiraka cha bati la pipa kilichoshonwa kwa vipande vifupi vya urefu wa kidole gumba, kila kimoja kikianzia katikati ya mshono na kwenda nje. Huo ni mkono wa baba yangu. Sijaona mwingine aliyeshona hivyo.

Karakana ya baba ilikuwa Unga Limited, mtaa uliochukua jina la kinu cha unga. Magari ya mahindi yalikuja kinuni, na yakiharibika yanaharibikia hapo hapo. Alianza kama kijana wa kushika spana kwa fundi Singasinga, zama ambazo bodi nyingi za malori zilikuwa za mbao: boriti, bolti ndefu na pembe za chuma. Ubao ukioza unang'olewa, unawekwa mwingine, basi. Mchanga na mawe ya ujenzi ndivyo vilivyoleta sakafu za chuma, kwa sababu koleo linaukwangua ubao mpaka unakwisha. Chuma kilipokuja, fundi seremala hakutosha tena. Akahitajika mtu wa moto.

Kwetu kuwa mtu wa moto halikuwa jambo dogo. Sisi ni Waarusha, na kwa watu wa lugha ya Kimaasai kufua chuma ilikuwa kazi ya Ilkunono, watu waliotengeneza mikuki na sime za wengine lakini hawakuoana na wengine. Aliyepokea mkuki kwa mhunzi alipaka mafuta viganjani kwanza. Bibi yangu aliishika desturi hiyo mpaka uzee wake. Baba alipopanda kuja Ngaramtoni Jumapili na kilo ya sukari, bibi alichovya vidole kwenye kibuyu cha mafuta, akajipaka viganja, ndipo akanyoosha mikono kumpokea mwanawe. Baba hakusema neno. Mimi nilikuwa mdogo, nikadhani ni heshima. Nilipoelewa nilikwishakuwa na mashine yangu mwenyewe.

Ukisoma habari za Arusha utakuta boma la Wajerumani la mwaka 1900, reli iliyofika kutoka Moshi mwaka 1929, Azimio la Februari 1967, na mikutano ya wakubwa isiyohesabika. Vyote ni vya kweli na vina mahali pake. Ila kuna miaka karibu saba ambayo mji huu haukusimama kwa sababu ya mikutano, na hiyo naikumbuka mimi mwenyewe. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Namanga, pale mpakani, ni kama kilomita 110 tu kutoka hapa, na vipuri vingi tulizoea vishuke kwa njia hiyo. Nilikuwa na miaka 11. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ikaja vita ya Kagera: kuanzia mwishoni mwa 1978 malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo kwenda mbele, na yaliyorudi yalirudi yamechoka hasa. Fedha za kigeni hazikuwapo. Mji wenyewe ulikuwa ukitoa matairi, kiwanda cha General Tyre kilikuwa hapa hapa, lakini bamba jipya la milimita 3 baba alilipata kwa bahati, kama mvua ya Agosti.

Kwa hiyo akageukia mapipa. Pipa la mafuta la lita 200 ukilitoa mfuniko na kitako, ukalipasua ubavuni na kulinyoosha, linakupa bati la karibu mita mbili kwa urefu. Kulipasua ndiyo hatari, maana mvuke wa petroli unakaa ndani hata pipa likiwa limekauka miezi, na cheche moja inatosha. Baba alilijaza maji hadi juu, akalikata kwa tindo na nyundo, bila moto kabisa, maji yakimwagika miguuni mwake. Bati lenyewe ni jembamba, halifikii nusu ya unene wa sakafu ya lori, hivyo aliliweka mara mbili na kulitilia nondo chini.

Umeme ulipokuwa dhaifu alitumia gesi ya kabaidi. Unatia mawe ya kabaidi kwenye chombo chenye maji, yanachemka na kutoa gesi yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Gesi hiyo inachanganywa na oksijeni mdomoni mwa tochi. Mitungi ya oksijeni ilitoka Dar es Salaam, na isipofika kazi inalala. Mashine ya umeme ilisukwa pale pale mtaani: mabati ya ndani ya transfoma chakavu, waya wa shaba uliozungushiwa vitambaa vya pamba na kupakwa vanishi, vyote ndani ya sanduku la mbao. Ilipogusa chuma, taa za mtaa mzima zilififia. Akina mama walijua fundi ameanza kazi kabla hawajasikia mlio.

Kwa mwanga wa kuchomelea, usiku macho yaliwaka kana kwamba yamemwagiwa mchanga, tukalala tumeyafunika kwa vipande vya viazi vibichi. Tukichomelea mabati yaliyopakwa zinki tulipata homa na baridi ya usiku mmoja, tukanywa maziwa tukiamini yanasafisha kifua. Hayasafishi. Kinachosaidia ni kuikwangua ile zinki kwanza na kukaa upande upepo unakotoka, na hili nawaambia vijana wangu kila wiki.

Kutu yenyewe nilichelewa kuielewa. Watu hudhani inakula kutoka juu, kwa mvua. Inaanzia pale maji yanapojificha, sakafu inapolalia ubavu, pasipopita hewa ya kukausha. Na kutu ni kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inajaa kwenye ule mwanya, inavimba, inalibenua bamba mpaka mshono unaachia. Mkojo wa ng'ombe, magadi na mbolea ya chumvichumvi vinaiharakisha, na mizigo ya mkoa huu ni hiyo hiyo.

Mwaka 1989 nilikuwa na haraka ya ujana. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kuingia baada ya Rais Mwinyi kulegeza biashara, kazi zilijaa, na mteja mmoja wa ng'ombe alitaka gari lake kesho yake. Nililaza bamba jipya juu ya sakafu iliyooza na kulizungushia mshono mzuri. Mshono ulishika kutu, haukushika chuma. Njiani kuelekea Monduli kiraka kiliachia, mguu wa ng'ombe ukazama na kuvunjika, akachinjwa kando ya barabara. Nililipa. Baba alikwenda pale, akaokota kile kiraka, akakigeuza na kunionyesha upande wa chini: kipande chote cha mshono kilikuwa na ganda la kahawia, kama mkate uliobanduka kwenye sufuria.

Tangu hapo nakata. Kwa gari la Julai nilitoa nyaya za betri kwanza. Bedford za dinamo hazikujali, lakini alteneta ya leo inaungua kwa umeme wa mashine. Waya wa kurudisha umeme niliubana karibu na kazi ili umeme usitafute njia kupitia beringi. Mashine ninayotumia sasa ni ya Kichina, unaibeba kwa mkono mmoja, na taa za jirani hazifahamu kama nafanya kazi. Wakati wa mgao wa umeme wa 2006 mashine hizo hazikuwa zimeenea. Tulikesha tukingoja umeme urudi saa saba usiku, watoto wamelala, tukachomelea mpaka alfajiri.

Kiraka cha baba nacho nilikikata. Kilikuwa kimekwisha, na yeye angekuwa wa kwanza kukitoa. Nilikirusha kwenye rundo la chuma chakavu. Nikakwangua mbavu kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu sehemu zitakazofunikwa na kuacha wazi pa kushona tu, nikalaza bamba la milimita 3. Nilishona vipande vya urefu wa kidole gumba, nikiruka kutoka upande huu kwenda ule ili bamba lisipate joto sehemu moja na kujikunja. Kijana alikaa kwenye tofali akiangalia. Jumamosi ilikuwa imepita.

Mwisho nilitoboa matundu manane ya maji kwenye kona na kando ya mbavu. Nikamwambia alete ndoo. Alimwaga juu ya sakafu, nami nikainama chini kuhesabu: saba yalitiririka. La nane, kona ya nyuma kushoto, lilikuwa kavu. Niliingiza msumari, kikadondoka kipande cha ganda la mshono, maji yakatoka meusi kwanza, kisha meupe.