Wadaawa Wote Mbele ya Hakimu: Viwanja vya Kanisa na Kesi za Mali

Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ardhi ya ukanda huu wa ziwa imepata thamani ya namna nyingine. Kaskazini mwa mji, penye mwalo wa Kibirizi ambako dagaa huanikwa na mashua za abiria hung'oa nanga kuelekea Gombe, kiwanja kilichotolewa zamani kwa neno la mzee na ushuhuda wa majirani leo hudaiwa kwa hati na ramani. Kanisa nalo lina viwanja. Kwa hiyo yafaa Wakristo wafahamu kwamba kesi nyingi za mali huharibika hata kabla ya haki kupimwa, kwa kuwa mhusika mmoja hakuitwa.

Walutheri wa nchi hii wana kumbukumbu ya jambo hilo. Kifungu cha 438 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliamuru mali za misheni za Kijerumani ziwekwe chini ya bodi za wadhamini. Wakristo Waafrika waliosomba mawe na kukata miti ya majengo yale hawakuwa na kiti mezani.

Baadaye sheria ya wadhamini ya 1956, ambayo sasa ni Sura ya 318, ilitoa njia ya bodi kuandikishwa na kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, njia hiyo ilikuwa tayari. Ndiyo maana mchungaji au mzee wa kanisa, hata awe na bidii kiasi gani, hawezi kufungua kesi ya kiwanja kana kwamba ni chake. Mdai wa kweli ni Bodi ya Wadhamini iliyoandikishwa. Jambo hili huwaudhi washarika, kwa maana wao ndio waliochanga fedha. Lakini mahakama humtazama mwenye mali kisheria.

Kwa upande wa wadaiwa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 ilirithi mengi kutoka sheria ya India ya 1908. Amri ya I, kanuni ya 9, yasema shauri lisianguke kwa sababu tu ya kuunganisha wadaawa vibaya au kutowaunganisha. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu! Mwaka 1983, katika shauri la Juma B. Kadala dhidi ya Laurent Mnkande, Mahakama Kuu iliamua kwamba anayedai ardhi iliyokwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu hana budi kumshitaki mnunuzi pamoja na muuzaji. Asipofanya hivyo, shauri huharibika. Mahakama ya Rufani, katika shauri la marejeo namba 6 la 2017, ilifafanua kwamba kanuni ya 9 haimwokoi aliyemwacha mdaawa wa lazima. Huyo hutambuliwa kwa mambo mawili: kuna nafuu inayodaiwa dhidi yake, na bila yeye mahakama haiwezi kutoa hukumu yenye kutekelezeka.

Ikiwa muuzaji amefariki, hushitakiwa msimamizi wa mirathi yake, tena kwa cheo hicho, si kwa nafsi yake. Ikiwa kiwanja kiligawiwa na Manispaa ya Kigoma Ujiji, nayo ikishitakiwa, mabadiliko ya sheria ya 2020 yanataka notisi ya siku 90 itolewe kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, si katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nikodemo aliwauliza Mafarisayo kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Kanuni ya 10 humruhusu hakimu kumwongeza aliyesahauliwa wakati wowote shauri likiendelea, na wakili mwangalifu huomba hivyo mapema. Kosa likigunduliwa kwenye rufani, mwenendo wote waweza kufutwa, na shauri likaanza upya kwa ada mpya. Hapo ndipo huitwa tena wazee walioonyesha mpaka mara ya kwanza, na baadhi yao wamekwisha kuzikwa.