Shemasi Mkuu wa Yukon

Hudson Stuck, Mwingereza aliyezaliwa London na kupewa upadre nchini Marekani, aliingia Alaska mwaka 1904 akitokea Dallas, Texas, alikokuwa akiongoza kanisa kuu la Mtakatifu Mathayo. Kanisa la Kiepiskopo lilimfanya shemasi mkuu wa Yukon, eneo la maili za mraba zipatazo 250,000. Waathabaska na Wainuiti waliishi humo kwa kuvua na kuwinda, nao wachimba dhahabu walihamahama kufuata kila fununu ya mgodi mpya.

Msimu wake wa safari ulikuwa majira ya baridi, mito inapoganda na kugeuka njia. Kwa sleji iliyokokotwa na mbwa alimaliza maili 1,500 hadi 2,000 kila mwaka. Kusafiri huku mara nyingi kulikuwa kutembea: mtu mmoja hutangulia kwa viatu vya theluji akiikanyaga njia, mwingine huisukuma sleji. Baridi ikizidi mno theluji haitelezi tena, bali huukwaza mzigo kama mchanga mkavu. Cha kuogopwa zaidi kilikuwa maji yanayopanda juu ya barafu ya mto. Aliyelowa miguu asipowasha moto mara moja, huikosa miguu hiyo. Kiangazi alipanda mashua yenye injini, Pelican, iliyoanza kazi mwaka 1908.

Kijijini alikaa siku chache akibatiza, akifungisha ndoa, akiwaombea waliokwisha kuzikwa, kisha akaondoka. Kazi ya kila siku ilibaki kwa wengine, hasa wanawake, kama wale walioendesha kituo cha Allakaket, kwenye Mto Koyukuk, kilichoanzishwa mwaka 1907. Hospitali ya Fort Yukon ilifunguliwa baada ya kampeni yake ndefu ya kuchangisha fedha.

Sifa zake nje ya Alaska zilitokana na mlima. Tarehe 7 Juni 1913 yeye, Harry Karstens, Robert Tatum na Walter Harper walifika kilele cha Denali, na wa kwanza kukanyaga juu alikuwa Harper, kijana wa mama Mwathabaska na baba Mwayalandi. Huyo ndiye aliyekuwa mwendesha sleji, mkalimani na mwindaji wa Stuck kwa miaka mingi; bila vijana wa namna yake, shemasi mkuu asingefika popote. Harper alikufa maji Oktoba 1918, meli Princess Sophia ilipozama, akiwa njiani kwenda kusomea udaktari.

Safari zote za sleji ziliendeshwa na samaki. Mbwa walilishwa ng'onda wa samoni, chakula kilekile kilichowavusha wenyeji majira ya baridi. Kiwanda cha kusindika samoni kilipofunguliwa karibu na mlango wa Mto Yukon mwaka 1918, na mwaka uliofuata samaki wakaadimika vijiji vya juu, Stuck alikishambulia kwa maandishi na kwa kuwakabili wakubwa wa Washington. Kwa maisha ya watu wa mtoni, pengine vita hivyo vilikuwa na uzito kuliko mlima.

Alifariki Fort Yukon Oktoba 1920, kwa nimonia, akazikwa hukohuko. Ndege zilianza kuchukua nafasi ya mbwa katika muongo uliofuata, na William Gordon, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1948, alivizungukia vijiji akirusha ndege mwenyewe.